Pipa la Tahira, Mashine ya Hadji

Mashine ya pili ya kukamua mawese ilipofika Rumonge, mji wa Burundi kando ya ziwa, Hadji Abdoulkarim aliichinjia mbuzi. Akaisomea dua, akaipangusa vumbi la safari kwa kitambaa cheupe, kisha akasimama pembeni yake apigwe picha, mkono mmoja juu ya gurudumu, kifua mbele, kama bwana harusi. Watu walikula pilau, wakaigusa, wakasema mashallah. Tahira peke yake hakuigusa. Mikono yake ilikuwa na masizi, na Revokatus, fundi wa mashine, alikwisha kumwonya asiisogelee asije akaichafua. Tahira hakununa, maana alikuwa na moto wa kuangalia.

Yeye alikuwa mchemshaji. Kiwanda cha Hadji ni ua mpana nyuma ya soko, nusu yake imeezekwa mabati, mahali ambapo upepo wa ziwani hufika ukiwa umekwisha kuchoka. Wakulima huleta pale ngazi, yale matunda mekundu ya michikichi, wengine wakiwa wamekwisha kuzichambua kwenye mikungu yake, wengine wakizichambulia palepale uani. Ngazi huanzia kwenye pipa la maji juu ya moto, zikachemka saa mbili na ushei mpaka zilainike. Zingali za moto huingia kwenye mashine, zikakamuliwa, mafuta yakachujwa na kumiminwa kwenye bido, yale madumu ya plastiki ya njano, na mwenye mali akaondoka nayo. Mapipa yalikuwa mawili, juu ya mafiga mawili, na kwa miaka kumi na tisa yote yalikuwa ya Tahira. Alijua ngazi zimeiva kwa kusikia tu maji yanavyotokota, hata akiwa ameyapa mgongo.

Alifika kwenye moto ule akiwa mke wa mtu. Mumewe, Hamissi, alikuwa mshona nyavu kule ufukweni, mtu wa maneno machache na vidole vyepesi, na alikuwa amefariki miaka mitano nyuma. Binti yao wa pekee, Mariyamu, aliolewa Uvira, ng'ambo ya mpaka, na alipiga simu kila Jumapili bila kukosa. Kwa hiyo nyumba ya Tahira ilikuwa na vitanda viwili, redio moja na mtu mmoja.

Lakini ua, ua ulijaa! Wanawake wa Gatete, wa Kizuka, wa mjini penyewe, walikaa kuyazunguka mapipa yale tangu alfajiri, kila mmoja na makapu yake, akingoja zamu. Walisuka nywele, walichambua maharage, walichunguza ndoa za watu. Ngojangoja huumiza matumbo, ni kweli, lakini pale iliwahi pia kuleta posa tatu na kuvunja uchumba mmoja ambao kila mtu alikubali ulistahili kuvunjika. Tahira aliwalalamikia kutwa. "Nyinyi bamama hamuna nyumba? Sogeeni, munanikalia kuni!" Wao walicheka, wakasogea kidogo, halafu wakarudi palepale. Yeye aliamini kwa dhati kwamba siku wakiondoka atapumua.

Mtu wa mbali angeuliza: kwa nini wangoje hivyo? Si mmwage ngazi za wote kwenye pipa moja, kazi iishe? Swali hilo kamuulize mwanamke wa Gatete, halafu ushike njia upesi. Pwani hii ya ziwa hakuna mtu anayechemsha ngazi zake pamoja na za mwenziwe. Kila mmoja anaamini mafuta yake ndiyo mekundu kuliko yote na ya jirani yana maji, na jirani naye anaamini hivyohivyo. Mwenye makapu sita alijaza pipa. Mwenye kapu moja na nusu alipewa pipa hilohilo zima, ngazi zake zikicheza chini kama dagaa watatu ndani ya mtumbwi, na moto ukawaka saa zilezile, ukala kuni zilezile.

Mwenye kapu moja na nusu ni Zipora. Tahira alimheshimu kuliko wateja wengine wote, na alimwogopa kidogo pia. Zipora alikimbia mauaji ya Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa mtoto wa miaka kumi, ameshikwa mkono na shangazi yake. Alikulia Ulyankulu, Tanzania, akaolewa huko, akazika mume huko, akarudi na mvi kichwani. Shamba la baba yake lilikuwa na watu wengine, nao walikuwa wamezaliwa hapo. Walikaa chini, wakazungumza miezi saba, wakagawana bila kupigana. Zipora akapata michikichi kumi na mmoja, ileile ambayo baba yake aliipanda. Kila wiki alikuja na kapu lake na nusu kichwani, kutoka Gatete, akiwa wima kama mtu anayekwenda kanisani.

Basi mashine ya pili ikaja. Habari zikaenea kwamba kwa Hadji sasa kuna mashine mbili, na wateja wakaongezeka. Mnajua kilichotokea? Foleni ikawa ndefu kuliko mwanzo. Makapu yalilala uani siku mbili kwenye joto, ngazi zikaanza kuchacha, na mafuta yaliyotoka yalikwaruza koo. Wanawake wawili wa Kizuka wakahamia kiwanda kingine, cha huko kwao, na walipopita sokoni hawakunyamaza.

Siku ya Ijumaa, baada ya swala, Hadji alikuja na kanzu yake akasimama mbele ya moto.

"Tahira, mashine iko mbili sasa. Mbili! Na bamama bamekaa hapa kama ku matanga. Shida iko wapi?"

"Hadji, maji hayana mbio. Zikitoka mbichi mafuta hayatoki."

"Mashine yangu inalala. Revokatus analala. Mutu mwenye kuchelewesha iko mumoja tu hapa, na anapiga soga na wateja." Akapunguza sauti, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyenunua kitu cha bei kubwa. "Nakupa Ijumaa mbili. Kama bado, iko mwanaume mumoja wa Kizuka, ana nguvu, yeye atakamata moto. Wewe utafagia ua."

Tahira alisema "Ndiyo, Hadji," akainama kuchochea kuni. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba moto ule ni wake, ila na yeye hakuwahi kufikiria kwamba unaweza kuwa wa mtu mwingine. Angefagia ua vipi, huku akisikia maji yanatokota na mtu wa Kizuka hayasikii? Aliwaza pia kwamba labda Hadji ana haki, labda amezeeka, labda mdomo wake ndio unaochelewesha. Jumamosi nzima hakuzungumza na mtu. Pipa likachemka kwa saa mbili na ushei kama kawaida.

Jumanne akafika Nour. Huyu ni binti wa Hadji, alikuwa Bujumbura akisomea gestion, yaani namna ya kuendesha kazi za biashara, na alikuja likizo na daftari jipya. Baba yake akamwambia: kaa pale uone kwa nini yule mama hachangamki. Tahira aliyasikia maneno hayo, akamwekea Nour kigoda upande wa moshi.

Nour alikohoa, akafuta macho, hakuhama. Alishika simu yake kama saa, akaandika: kapu hili limeingia lini, limetoka lini, pipa lilijaa mpaka wapi, mashine ilizunguka kwa muda gani. Siku ya pili aliuliza maswali, naye Tahira akayajibu kwa mkato. Siku ya tatu aliuliza, "Mama Tahira, unajua namna gani kama zimeiva bila kufunua?" Tahira akamfundisha kusikiliza. Yanapoanza maji hulia juu, ngazi zikilainika sauti inashuka, inakuwa nzito. Nour alifumba macho akasikiliza, kisha akasema, "Sasa!" Tahira akafunua, na kweli zilikuwa zimeiva. Kile kigoda akakihamishia upande usio na moshi.

Alhamisi jioni, jua likiwa bado juu ya milima ya Kongo, Nour alimwita baba yake palepale uani.

"Papa, mashine ya kwanza inafanya kazi dakika ishirini, halafu inalala saa mbili. Ya pili haijafanya kazi tangu ulichinja mbuzi."

"Si nilisema! Moto iko muvivu."

"Moto hauko muvivu. Pipa lina nafasi ya makapu sita. Nimeandika siku tatu: mara nyingi linachemka na makapu mawili, mara nyingine kapu moja na nusu, sababu ni mali ya mutu mumoja. Makapu sita yangeiva kwa saa zilezile. Kiwanda kizima kinakwenda na mwendo wa pipa, Papa. Hata ulete mashine kumi, zitangoja pipa."

Hadji aliangalia mashine yake ya pili. Mwenye njaa akinunua bakuli la pili, wali hauivi kwa sababu hiyo, na hilo Hadji alilijua tangu utotoni, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mashine yake ni bakuli. Kuongeza mapipa alikataa. Pesa ilikuwa imekwisha, mafiga ya tatu hayakuwa na nafasi, na kuni zinatoka mbali. Akasema atafikiri. Lakini tishio la mtu wa Kizuka hakulifuta, na Tahira aliliona hilo. Hata hivyo alipokwenda nyumbani machozi yalimtoka njiani, machozi ya raha, kwa sababu mtu amekaa siku tatu kuangalia kazi yake na kuiandika.

Bahati mbaya Nour alikuwa na jibu pia, na jibu lilitoka kwenye daftari. Jumamosi asubuhi alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo ngazi za wote zitapimwa, zitachanganywa kwenye pipa moja, halafu kila mtu atapewa mafuta kwa uzito wa ngazi zake. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Ua ukalipuka. Mmoja alisema ngazi zake ni za mbegu kubwa, hawezi kugawana na za pori. Mwingine alisema bora amwage ziwani. Mwisho akasimama Zipora, na wengine wote wakampisha aseme.

"Binti yangu, umesoma, na Mungu akuzidishie," alisema, kwa Kiswahili chake cha Tanzania kilichonyooka. "Mimi nimekaa Ulyankulu miaka thelathini na minane. Kule nilikula mafuta ya dukani, ya pamba, ya alizeti, ya msaada. Nimerudi nikapewa michikichi kumi na mmoja. Mafuta ya michikichi ile nataka niyaonje yenyewe. Ya jirani yangu ni mazuri, sikatai, lakini baba yake si baba yangu."

Akajitwisha kapu lake, akatoka. Saba wakamfuata. Nour alikwenda nyuma ya mashine ya pili, ambayo siku hiyo hatimaye ilipata kazi, ile ya kumfichia mtu machozi.

Tahira alimfuata huko. "Mwanangu, hesabu yako iko sawa," alimwambia. "Bamama nabo bako sawa. Usilie, jipanguse, watakuona."

Alisema hivyo kwa sauti tulivu, lakini mwenyewe hakuwa mtulivu hata kidogo. Zilikuwa zimebaki siku sita kabla ya Ijumaa ya pili. Alirudi nyumbani mchana akiwa na kiu ya kulala tu, akajitupa kitandani, na mguu wake ukagonga kile kilichokuwa mvunguni. Alikuwa anakijua. Ulikuwa wavu wa mwisho wa Hamissi, wavu wa ndagala, dagaa wa ziwani, aliouacha haujaisha, na sindano yake ya mti ikiwa imechomekwa humohumo. Miaka mitano hakuugusa.

Aliuvuta nje, akaushika mapajani. Wavu unaachia maji yapite na kushika kilicho ndani, mtoto yeyote wa Rumonge analijua hilo, na kwa miaka kumi na tisa halikumjia kichwani. Alilia kidogo, akamwomba Hamissi radhi kwa sauti, akafuta pua, akachukua mkasi. Mpaka Jumapili jioni, Mariyamu alipopiga simu, alikuwa ameshona mifuko sita, kila mmoja wa kapu moja hivi, na mdomoni mwa kila mmoja amefunga kipande cha kitenge cha rangi yake.

Jumatatu alimweleza Nour, na Nour akamkumbatia na masizi yake yote. Ngazi za kila mtu kwenye mfuko wake, mifuko yote kwenye pipa moja, maji yanapita, ngazi hazikutani, na kwenye mashine kila mfuko unakamuliwa peke yake. Hata hivyo wanawake walikuwa wameumwa na nyoka tayari, na ung'ongo uliwashtua. Wawili tu ndio waliokubali kujaribu. Wa kwanza alikuwa Zena, mama wa watoto saba, aliyekuwa na haraka kila siku ya maisha yake. Wa pili, watu walishangaa, alikuwa Zipora. Alikuwa amerudi kwa sababu kiwanda cha Kizuka kilikuwa mbali na miguu yake. Alivuta mishono ya mfuko kwa vidole, huku na huku, akauliza, "Nani ameshona?" Tahira akasema, "Mimi, kwa sindano ya marehemu." Zipora akamkabidhi kapu lake, akaenda sokoni kununua chumvi.

Mfuko wa Zena, wenye kitambaa chekundu, ulikaa chini. Wa Zipora, wenye kitambaa cha kijani, ulilala juu yake. Baada ya saa moja na nusu Tahira alisikia harufu. Alifunua haraka akautoa mfuko wa juu kwa ndoano, kona yake moja, iliyokuwa imening'inia mpaka chini, ikiwa imeliwa, halafu ule wa chini, na chini yake kulikuwa na tundu kubwa. Nailoni ilikuwa imegusa bati la pipa na kuyeyuka. Ngazi zilikuwa zimemwagika chini pamoja, za Zena na za Zipora, kama viganja vitano.

Nour alishika mdomo. Hakukuwa na mwingine aliyeona. Zena alikuwa kwake, Revokatus alikuwa amelala kwenye kivuli cha mashine, na ngazi zilizochemka ni nyekundu zote, hazina jina. "Mama Tahira," Nour alinong'ona, "tuzigawe tu nusu kwa nusu. Nani atajua?"

Tahira alizitazama. Akisema ukweli, mifuko imekufa leo, na Ijumaa atapewa ufagio. Akinyamaza, atashona mingine vizuri zaidi na hakuna atakayeumia, maana mafuta ni mafuta. Alifikiria michikichi kumi na mmoja. Akaziweka ngazi zile kwenye sufuria peke yake, akaifunika, akangoja.

Zipora aliporudi, Tahira hakumkaribisha kukaa. "Mama Zipora, nimekukosea. Mfuko umeungua, ngazi zako zimechanganyika na za Zena. Si zote. Zako zilizobaki salama ni hizi kwenye mfuko. Zilizochanganyika ni hizi hapa, kwenye sufuria. Nisamehe."

Zipora alitazama sufuria, akatazama mfuko.

"Ungenyamaza nisingejua," alisema.

"Mimi ningejua. Ningekuona kila wiki."

Zipora aliokota mfuko uliotoboka, akaupapasa ukingo wake mgumu, mweusi. "Kumbe umeungulia chini."

"Chini, ndiyo. Pembeni haikuungua."

"Sasa dada yangu, wewe umepika miaka yote hii, hujui kutandika? Sisi kule Ulyankulu, tukichemsha mihogo ya arusi kwenye pipa, tulitandika vijiti kwanza chini ili isishike." Akaangaza macho uani, akaonyesha kwa kidevu lundo la mikungu mitupu iliyokwisha kuchambuliwa, ambayo kila siku ilitupwa. "Tandika ile. Na hizi zilizochanganyika mpe Zena, ana vinywa vingi. Keshokutwa nitakuletea mikungu miwili niliyoibakiza nyumbani."

Tahira alimshukuru. Akasema kwa Kirundi, "Murakoze," akaenda kuokota mikungu mitupu.

Jumatano Zipora alileta ngazi zake mbele ya watu wote, akazitia mwenyewe kwenye mfuko wa kijani, akaufunga, akampa Tahira. Wanawake wenzake walikuwa wanasubiri kuona, nao walikuwa wamekwisha kusikia habari ya sufuria, kwa sababu Zena hana siri. "Kama amesema siku ile, atasema siku yoyote," ndivyo Zipora alivyowaambia, akaondoka zake. Kabla ya adhuhuri mifuko sita ilikuwa imejaa. Alhamisi Tahira na Nour walishona mingine minane. Nour aliandika kwenye karatasi ndogo: wewe njoo saa sita, wewe saa tisa. Hapo ndipo watu walipogundua jambo ambalo halikuwapo zamani: mtu aliweza kuacha ngazi zake, akaenda kupalilia, akarudi saa yake ikifika na kukuta bido imejaa, kitambaa chake kimefungwa kwenye mpini.

Ijumaa, baada ya swala, Hadji alikuja kutoa hukumu. Aliingia uani akasimama ghafla. Ua ulikuwa mtupu. Hapakuwa na makapu, hapakuwa na wanawake, palikuwa na kuku wawili tu.

"Yallah! Bamama bako wapi? Bamehamia Kizuka bote?"

"Bako nyumbani kwabo, Papa," alisema Nour. "Angalia kule."

Chini ya mabati bido zilikuwa zimepangwa ukutani mpaka mwisho, kila moja na kitambaa chake, nyekundu, bluu, ya maua, ya kijani. Mashine zote mbili zilikuwa zinazunguka. Revokatus alikuwa anakimbia kutoka moja hadi nyingine, shati limemganda mgongoni. "Hadji, mimi sijakula tangu asubuhi!" alilia. "Huyu mama ananiletea tu, ananiletea tu! Mutafute mutu wa kunisaidia!"

Hadji alizunguka uani mara mbili. Alichungulia pipa, akaona mifuko imebanana, akachokoa kidogo kwa ndoano mikungu iliyotandikwa chini, akanusa. Alikuwa mtu wa kiburi, na kumwomba mchemshaji radhi mbele ya fundi wake kusingewezekana. "Yule mutu wa Kizuka," alisema mwishowe, akitazama moto, "nitamwambia asikuje ku moto." Halafu akaongeza, "Mwanaume yule ana nguvu. Atasaidia Revokatus." Wiki iliyofuata alimletea Tahira kiti cha plastiki chenye mgongo.

Hapo ningependa kusema mambo yakaisha vizuri, na kweli yaliisha vizuri. Mafuta hayakukwaruza tena koo, wale wa Kizuka wakarudi, Nour akarudi Bujumbura na daftari lililojaa masizi. Moto ulibaki wa Tahira. Ila alikalia kiti chake chenye mgongo, akatazama ua, na ua haukuwa na mtu. Mwanamke alikuja, akaacha mfuko, akasalimu kwa amahoro, akaondoka. Mwingine akaja, akachukua bido, murakoze, akaondoka. Harusi ya binti wa Zena Tahira aliisikia kwa spika ya gari iliyopita sokoni, yeye ambaye zamani angeijua kabla ya bwana harusi mwenyewe. Aliwakumbuka. Aliwakumbuka mpaka wakati mwingine alijikuta anasema peke yake, "Sogeeni, munanikalia kuni," na kuku wakasogea. Alipigania mahali pale kwa nguvu zake zote, na sasa palikuwa na ukimya uleule wa nyumbani kwake. Hakumwambia mtu, maana angemlalamikia nani, na kwa lipi?

Jumanne moja saa tatu asubuhi Zipora alifika kutoka Gatete na kapu lake na nusu. Alifunga mifuko yake ya kijani, akaitia pipani, Tahira akampa karatasi yake. Zipora akaisoma, akaikunja, akaitia kwenye pindo la kitenge. Kisha akageuza kinu kilichokuwa pembeni, akakikalia, akatoa maharage ya kuchambua.

"Mama Zipora, nimekuandikia saa sita."

"Nimeona."

"Sasa ni saa tatu na robo."

"Saa ninayo." Alipuliza makapi kutoka kiganjani. "Nimekuja kungoja."

Tahira alimtazama. Moshi ulikuwa umegeuka, unamwendea Zipora usoni. Akainuka, akachukua kile kiti chake cha plastiki, akakihamishia upande usio na moshi.

"Basi hama hapo," alimwambia. "Unanikalia kuni."